Mzee ametoka ICU, miguu haimbebi: mwongozo wa kumrudishia nguvu

Simu huwa ni ile ile. "Mama kapona, tunamshukuru Mungu, ila hasimami." Nikifika namkuta mama kalazwa kwenye chumba chenye feni, mito minne mgongoni, mjukuu mmoja kapewa kazi ya kumpepea na mwingine ya kumlisha uji kwa kijiko. Nikifunua shuka naona paja ambalo goti limelizidi unene. Alilala ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, siku 12 kwa nimonia. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa anarudi sokoni kwa miguu, kikapu mkononi, akigombana na makonda njiani.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwafuata wagonjwa majumbani. Nyumba ninazoingia zimejaa upendo, na upendo huo ndio unaonipa kazi. Kwetu mzee hanyanyuki kufuata glasi ya maji wakati watoto wapo. Akitoka mahututi ndiyo kabisa, hata mkono wa kujikuna anainuliwa. Sasa msuli haujui adabu wala heshima, unajua kutumika tu. Nitakwenda hatua kwa hatua, tangu mgonjwa akiwa kwenye mashine. Chakula na mazoezi nimevirefusha kwa makusudi, maana hayo ndiyo yaliyo mikononi mwenu.

Hatua ya 1: Jueni kilichoondoka

Watu wengi hudhani mzee amedhoofika kwa sababu "hakula hospitali". Kuna zaidi ya hapo. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee 12 wenye afya njema, wastani wa umri miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku 10. Hawakuwa na homa wala mrija, na chakula walipewa. Walipoinuka walikuwa wamepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni.

Hao walikuwa wazima. Kwa wagonjwa wenyewe, watafiti wa London walipima kwa ultrasaundi msuli wa mbele ya paja la watu 63 waliolazwa ICU, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kufikia siku ya 10 msuli ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18, na waliofeli viungo kadhaa kwa pamoja, kama mapafu na figo, walipungukiwa zaidi ya wenzao. Mwili unaopigana na maambukizi huuvunja msuli na kuutumia kama akiba. Neva nazo huathirika, kwa hiyo hata msuli uliobaki unapokea amri kwa kuchelewa. Na mzee aliingia wodini na akiba ndogo tayari, kwa kuwa msuli huanza kupungua polepole tangu makamo.

Msuli wa kupumulia, diaframu, haukusalimika pia. Mashine inapopumua badala ya mtu, diaframu inakaa bila kazi, na inasinyaa ndani ya siku chache tu. Ndiyo sababu mama anatweta akikaa tu kitandani, ingawa picha ya mapafu inaonyesha nimonia imekwisha. Siyo deko.

Hatua ya 2: Akiwa bado ICU

Muda wa kumwona ni mfupi, na wengi huutumia kulia au kusali. Salini, lakini bakizeni dakika tano za kuuliza. Mimi ningeuliza haya: dawa za usingizi zinapunguzwa lini ili aamke? Mtu wa fiziotherapia ameshamwona? Chakula cha mrijani kilianza siku gani, na kinaingia chote? Anageuzwa kila baada ya saa ngapi? Ulizeni kwa upole. Muuguzi wa ICU ana mambo mengi kichwani kuliko sisi tunaosubiri kwenye benchi, na ndugu anayeuliza kama askari wa upelelezi hajibiwi.

Swali la dawa za usingizi lina sababu yake. Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa hospitali za Chicago na Iowa uliohusu wagonjwa 104 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Nusu yao waliamshwa kila siku na kuanzishiwa mazoezi mapema: kusogeza viungo, kukaa, kujipangusa uso, kusimama ikiwezekana. Walipotoka hospitalini, asilimia 59 ya hao waliweza kujihudumia wenyewe, wakati kwa wenzao ilikuwa asilimia 35.

Msiishike namba hiyo mkaanza kumsukuma sista. Utafiti mkubwa zaidi ulioongozwa kutoka Australia, wenye wagonjwa 750, ulionyesha mwaka 2022 kwamba kumzidishia mgonjwa mazoezi kupita yale ya kawaida ya wodi hakukumwongezea siku za kuwa hai na nje ya hospitali. Kulileta misukosuko zaidi, ya mapigo ya moyo na ya oksijeni. Mazoezi ya mapema ni mazuri, kiasi chake kinaamuliwa na aliyesimama pale akiangalia skrini. Protini ni vivyo hivyo: kumjaza nyingi kupita kiasi wakati mwili umefeli hakusaidii, na kwa mwenye figo zilizoumia kunaweza kumdhuru.

Kazi yenu ninyi ndugu ni ndogo lakini ina thamani. Peleka miwani yake. Peleka kifaa cha masikio kama anatumia. Mwambie leo ni siku gani, nani yuko nyumbani, mbuzi amezaa au hajazaa. Wazee wengi huchanganyikiwa ICU. Mmoja anang'oa mirija, mwingine anakuwa kimya tu, akiangalia dari, na huyo wa kimya husahaulika ingawa yuko pabaya vilevile. Aliyechanganyikiwa hafanyi mazoezi. Sauti anayoijua humrudisha.

Kama muuguzi ameruhusu, shika kisigino kwa kiganja na usukume unyayo taratibu kuelekea goti, ushikilie kwa hesabu ya kumi, kisha uachie. Fanya mara tano kila mguu. Mguu unaoachwa umelala chali wiki mbili huwa unanyooka kama wa mcheza ngoma aliyesimama kwa vidole, na baadaye kisigino hakifiki chini. Usimpe kitu mdomoni, hata maji ya zamzam au ya baraka, bila kuuliza. Koo lililotoka kupitishwa mrija linaweza kupeleka maji mapafuni.

Hatua ya 3: Kukaa kwa mara ya kwanza

Hili nalieleza kwa karibu kwa sababu ndipo watu wanapoumizana. Nimeona bega la bibi likiteguka kwa kuvutwa mkono na kijana wake mwenye nia njema kabisa.

Tafuta kanga. Ikunje kwa urefu mpaka ibaki upana wa kiganja, izungushe kiunoni, juu kidogo ya mifupa ya nyonga, funga fundo gumu mbele. Huo ndio mshikio wako. Kama ana kidonda cha upasuaji tumboni, acha kanga, muulize mhudumu njia nyingine. Usimvute kwa mikono wala usimwinue kwapani.

Mwambie unachotaka kufanya kabla hujamgusa. Mlaze ubavu, uso ukikuelekea, magoti yamekunjwa. Teremsha miguu nje ya kitanda, na wakati huohuo mwambie asukume godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Miguu inaposhuka, kiwiliwili kinapanda kama mizani. Wewe unasaidia tu begani na kwenye kanga. Akishakaa, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Kitanda kikiwa kirefu, weka kigoda chini ya miguu.

Hapo subiri. Kichwa kitazunguka, ni kawaida kwa mtu aliyelala siku nyingi. Apige hatua za hewani, visigino juu, vidole juu, mara ishirini, damu ipande. Kama mna mashine ya presha, pima akiwa amelala, kisha amekaa. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi na anasikia giza, mrudishe alale, mwambieni daktari, maana mara nyingi ni dawa ya presha ya zamani ambayo mwili huu mwembamba hauihitaji tena kwa kiwango kile.

Siku ya kwanza dakika tano zinatosha. Kesho kumi, mara mbili. Keshokutwa ale chakula cha mchana akiwa amekaa.

Hatua ya 4: Kabla ya kuondoka hospitali

Karatasi ya kuruhusiwa huwa na dawa saba na tarehe ya kliniki. Niliyoishika wiki jana haikuwa na neno moja juu ya kutembea wala kula. Kwa hiyo mwulizeni daktari kabla hamjaita bajaji: figo zake zikoje, na anaruhusiwa kula protini kiasi gani? Amepimwa kumeza? Oksijeni ikishuka chini ya ngapi tusimame? Dawa zipi za zamani ziachwe? Ombeni rufaa ya fiziotherapia, hata kama ni ya mara moja kwa wiki. Kama kuna mtaalamu wa utengamao, yaani wa kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujihudumia, hospitali ya wilaya yenu, mwoneni siku hiyohiyo, akiwa bado kwenye eneo la hospitali. Mkishafika nyumbani, kurudi ni nauli.

Mpimeni uzito siku ya kutoka. Namba hiyo mtaihitaji.

Hatua ya 5: Nyumba

Nitapita haraka. Ondoa mikeka inayoteleza na waya wa feni unaokatiza njia. Malapa yaende kabatini, avae viatu vyenye mkanda wa nyuma. Weka taa inayowaka usiku kati ya kitanda na choo, kwa kuwa wazee wengi huanguka usiku wakienda kukojoa. Kitanda kiwe na kimo cha goti lake, kikiwa kifupi ongeza godoro, kikiwa kirefu mwiteni fundi akate miguu.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kizingiti kikubwa. Kuchuchumaa na kuinuka kunataka mapaja ambayo kwa sasa hana. Fundi seremala atawatengenezea kiti cha mbao chenye tundu, kinachosimama juu ya shimo, chenye mikono ya kushika. Wengine hukata kiti cha plastiki. Mimi sikipendi, hupasuka mguu mmoja ghafla. Ukutani pigilieni ubao au bomba la kushikia.

Hatua ya 6: Chakula

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nguvu nyingi zinapotea bila mtu kujua.

Tazama sahani ya mgonjwa katika nyumba zetu. Mama kachinjiwa kuku wa kienyeji. Amechemshwa saa mbili, nyumba nzima inanukia. Mgonjwa anapewa bakuli la supu, "anywe apate nguvu". Finyango wanakula wajukuu. Supu ile ni tamu na inampa maji na chumvi, ila protini imebaki kwenye nyama, kwa wajukuu. Baada ya hapo anapewa uji mwepesi wa sembe, soda, na glukosi ya unga. Ameshiba, na msuli haujapata kitu.

Mzee anayepona kutoka ugonjwa mzito anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa daktari amesema vingine kwa sababu ya figo au ini. Mama wa kilo 55 anatakiwa apate gramu 66 hadi 82. Na zisije zote usiku. Msuli wa mzee ni mzito wa kusikia: kiasi kidogo ambacho kingemwamsha kijana, kwake kinapita bure. Lengeni gramu 25 hivi kila mlo, mara tatu.

Hesabu yake si ngumu. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa ya robo lita, gramu 8. Kipande cha samaki au kuku aliyepikwa kinachojaa kiganja, uzito wa gramu 100, kina zaidi ya gramu 20. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, gramu 7. Konzi ya karanga, 7 pia. Na dagaa wakavu, wa Mwanza au wa Kigoma, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini tupu. Hakuna duka la dawa linalouza kopo la unga wa protini kwa bei ya dagaa.

Asubuhi basi: mayai mawili na uji uliopikwa kwa maziwa badala ya maji, ukatiwa kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Mchana: samaki aliyechambuliwa miba na maharage, wali au ugali kidogo. Jioni: kisamvu cha karanga na dagaa waliosagwa. Kabla ya kulala, kikombe cha mtindi. Mpeni protini kwanza, wanga baadaye, kwa kuwa tumbo lake linajaa upesi na likishajaa ugali basi.

Kama hataki kula, tafuteni sababu kabla ya kumgombeza. Fungua mdomo wake kwa tochi: utando mweupe ulimini ni fangasi, na dawa ipo. Meno ya bandia yanacheza baada ya uso kukonda, kila akitafuna yanamkata fizi. Hajapata choo siku nne. Au amehuzunika. Mwenye mdomo unaouma, apewe nyama ya kusaga, mayai ya kuvuruga, mtindi.

Akikohoa kila akinywa maji, au sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, simamisha, mpelekeni apimwe kumeza. Siku zote ale amekaa wima, na abaki hivyo nusu saa. Na kama alikaa siku tano au zaidi bila kula chochote cha maana, chakula kianze kidogo na kiongezwe siku hadi siku chini ya uangalizi. Mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula ghafla, chumvi za damu huvurugika, na moyo unaweza kuyumba.

Dripu "za nguvu" ambazo watu huwekewa mtaani ni maji, sukari na vitamini. Pesa hiyo kanunueni mayai.

Hatua ya 7: Mazoezi

Anza na kitu kimoja: kusimama kutoka kitini. Ningeambiwa nichague zoezi moja tu nifundishe maisha yangu yote, ningechagua hili, kwa sababu ndilo linalompeleka mtu chooni mwenyewe.

Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, mgongo wake ukigusa ukuta. Kikiwa kifupi kwake weka mto mgumu au blanketi lililokunjwa. Mzee asogee mbele mpaka nusu ya mapaja ibaki nje. Avute nyayo nyuma kidogo ya magoti. Aegemee mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapa ndipo wazee wengi wanakosea: wanaogopa kuinama, wanajaribu kupanda wima kama lifti, wanaanguka nyuma. Pua mbele kwanza, kisha asukume kwa miguu. Wewe simama upande wake dhaifu, mkono kwenye kanga, na umsaidie kwa kiasi kilichopungua tu. Kurudi chini ahesabu mpaka tatu. Kushuka taratibu kunajenga paja kuliko kupanda, na kujibwaga kitini hakujengi chochote zaidi ya kumpasua mtu uti wa mgongo.

Mara tatu, apumzike dakika mbili, mara tatu tena. Hiyo ndiyo awamu ya asubuhi. Jioni tena. Kila baada ya siku mbili au tatu, kama kesho yake haamki hoi, ongeza moja. Akifika kumi, toa blanketi. Akifika tena kumi, aachie mkono mmoja. Zoezi liwe gumu kidogo kila wiki. Zoezi lisilomchosha hata kidogo halimjengi.

Kwa ambaye hajaweza kiti, kuna ya kitandani: kubana paja huku goti likisukuma godoro kwa hesabu ya tano, kusogeza nyayo juu na chini, kukunja magoti na kuinua kiuno. Mara kumi kila moja, mara kadhaa kwa siku. Kwa mikono, chupa ya maji ya nusu lita ni uzani wa nusu kilo, na iko kila nyumba.

Kutembea tunapima kwa milango. Leo kitandani hadi mlango wa chumba. Kesho kutwa hadi sebuleni, kiti kikiwa kimewekwa katikati ya njia apumzike. Akitumia fremu ya miguu minne, fremu iende kwanza, kisha mguu dhaifu, kisha wa pili. Aweze kuongea sentensi nzima akitembea. Akishindwa kumaliza sentensi, kaa.

Halafu kuna mazoezi yasiyoitwa mazoezi. Mpe mchele achambue. Mpe nguo za watoto akunje. Kikombe ashike mwenyewe, hata kama chai inamwagika kidogo. Mjukuu aliyezoea kumlisha apewe kazi ya kukaa pembeni na kuhesabu. Mama wa Kiislamu anayesali ameketi, maana asiyeweza kusimama husali ameketi, aanze kusimama kwa takbira, kisha akae. Wiki inayofuata rakaa nzima, kiti kikiwa nyuma yake. Nimeona wazee walionikatalia mimi mazoezi ya kiti wakajitahidi kwa ajili ya rakaa moja ya Alfajiri. Kwa mama mwingine ni kusimama wakati kwaya inaimba. Tafuta kinachomtoa kitini.

Juu ya kukanda. Kumkanda mgongo na mabega kwa mafuta kunamstarehesha, endeleeni, ila hakujengi msuli. Na mguu mmoja ukivimba, ukiwa wa moto au ukimuuma kwenye shavu la mguu, nyuma chini ya goti, usiuguse kwa mafuta wala maji ya moto. Yawezekana ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuikanda ni kuisukuma mapafuni. Hospitali, siku hiyohiyo.

Mambo mengine ya kusimamisha zoezi na kumwona daktari: maumivu ya kifua, kuzimia, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio na kukataa kutulia baada ya kupumzika, midomo kuwa myeusi-bluu, oksijeni inayopimwa kidoleni kushuka chini ya kiwango mlichopewa, homa mpya, kuchanganyikiwa ghafla. Na kidonda cha mgongoni au kisiginoni: sehemu yoyote nyekundu au iliyokoza rangi isiyopotea ukiondoa mgandamizo ni mwanzo wa kidonda. Ageuzwe kila saa mbili akiwa amelala, visigino viwe hewani juu ya mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Ile mito ya duara yenye tundu katikati ya kukalia inakaba damu, iacheni.

Hatua ya 8: Daftari na subira

Nunua daftari la shule, uandike kila jioni: amesimama mara ngapi, amefika mlango gani, amekula nini, uzito kila Jumatatu. Mara moja kwa wiki mpime kwa saa ya simu: kusimama na kukaa mara tano, mikono imekunjwa kifuani. Mzee anayechukua zaidi ya sekunde 15 bado ana udhaifu wa miguu. Mwanzoni hataweza hata moja. Andika "0" na usione haya.

Muda ni mrefu kuliko mtakavyoambiwa na majirani. Timu ya Toronto iliwafuatilia watu walionusurika kufeli mapafu, wengi wao wa makamo tu, umri wa miaka 45 hivi. Walitoka ICU wakiwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao, na mwaka mzima baadaye walipotembezwa dakika 6 walifika theluthi mbili tu ya umbali unaotarajiwa kwa watu kama wao. Mzee wa miaka 70 hesabuni kwa miezi. Wengine hawarudi kabisa walikokuwa, na hilo nalo lisemwe mapema ili nyumba ipangwe hivyo.

Na kuna siku atakataa. Atakuambia, "Mwanangu niache, nimechoka." Wakati mwingine ni uchovu wa kweli, mpe nusu ya kazi ya jana. Wakati mwingine usiku anaota mirija na kengele za mashine, anaogopa kulala, mchana hana hamu ya kitu. Muulize. Wengi hawajawahi kuulizwa walichokiona kule ndani. Ikizidi wiki mbili hivi, mwambieni daktari. Na wewe unayemwuguza, gawaneni zamu na wenzako. Mgongo wako ukienda, nitapigiwa simu mbili.

Daftari moja ninalo hapa mezani, limeachwa na binti wa yule mama wa nimonia. Ukurasa wa kwanza una sifuri tano. Wiki ya tatu: "kiti + blanketi, mara 4, amelia." Wiki ya sita: "mlango wa nje." Wiki ya kumi na moja, kwa mwandiko wa haraka: "mara 5 bila mikono, sekunde 19. Ameingia jikoni mwenyewe, kafunua sufuria, kasema chumvi imezidi."